Same Si Tupu, Wala Haina Maji ya Kupoza Kinu

Mwandishi mmoja anadai kwamba kwa kuwa urani ipo Mto Mkuju, Namtumbo, basi tujenge kinu cha nyuklia, tena katika nyika tupu ya Same. Tupu? Faru wa Hifadhi ya Mkomazi, wafugaji na mpunga wa Ndungu wako wapi? Na kinu kitapozwa kwa maji gani? Kinu cha Koeberg cha Afrika Kusini kiko ufukweni, kinavuta maji ya bahari. Same ilisubiri miaka mingi maji ya kunywa kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, hadi mradi wake ulipozinduliwa Machi 2025! Urani ghafi nayo si kuni. Kwa vinu vingi hurutubishwa kwanza, kazi tusiyoifanya nchini. Na umeme tunao: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Tuufikishe kwanza umeme huo kwenye vitongoji vya milimani Upare.