Filamu za Kanumba nyumbani: kaseti, CD au flashi?

Mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, ameniletea ujumbe ulionikalisha chini. Marehemu mumewe alikuwa akifanya kazi Bukoba mjini, na kila aliporudi nyumbani mwisho wa mwezi alibeba CD ya Steven Kanumba. Zikafika kama thelathini. Sasa watoto, ambao mdogo wao hamkumbuki vizuri baba, wanataka kuziona hizo "filamu za baba", lakini karibu nusu zinaganda katikati. Kijana wa duka la muvi amemwambia azitupe tu, atamjazia Kanumba wote kwenye flashi. Mama anauliza: nizitupe?

Waitu mama, usizitupe. Na hiyo flashi usiilipie kwanza.

Tuanze na kilichomo ndani ya boksi, maana sisi kila kitu cha duara kinachong'aa tunakiita CD. VCD hubeba kama dakika 74 tu, na picha yake ni ndogo. Ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji VCD mbili. DVD hubeba gigabaiti 4.7, ambazo zinatosha saa mbili za picha nzuri. Lakini Bongo Movie hata zilipohamia kwenye DVD ziliendelea kuuzwa Part 1 na Part 2, na hapo sababu ilikuwa biashara zaidi kuliko nafasi. Kwa hiyo mama, kabla ya lolote, panga boksi lako kwa majina uone ni filamu zipi zina sehemu zote mbili. Hakuna kinachoudhi watoto kama hadithi inayokatika kabla ya mwisho.

Kisha geuza kila moja uangalie tumbo lake. Iliyotoka kiwandani inang'aa kama fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina rangi ya zambarau, bluu au kijani, kwa sababu imeandikwa kwenye rangi maalumu, na jua huila rangi hiyo. Ukiiacha dirishani miezi kadhaa inaweza kufa bila mkwaruzo hata mmoja. Hizo zilizochomwa ndizo za kuhamisha kwanza. Usitumie stempu ya TRA peke yake kuamua ipi ni halali. Stempu kwenye kazi za filamu na muziki zilianza mwaka 2013, na Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Nakala halisi iliyonunuliwa enzi za uhai wake haiwezi kuwa nayo.

Kuna nyingine zinaitwa "ishirini kwa moja", filamu ishirini kwenye DVD moja. Wengi tulizinunua kwa kuona tumepata bei. Hesabu yake ni rahisi: gawanya gigabaiti 4.7 kwa ishirini, kila filamu inabaki na pungufu ya robo gigabaiti. Kwenye televisheni ya kichogo ya inchi 14 hukuliona tatizo. Kwenye bapa ya inchi 32 uso wa mwigizaji unageuka vigae vigae. Hizo kama anataka kuzitupa, sitamzuia.

Zinazoganda je? Jaribu deki nyingine kwanza. Deki nyingi za bei nafuu huchoka jicho kabla CD haijafa, na lawama zote zinaangukia CD. Halafu osha kwa maji na sabuni kidogo, ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Dawa ya meno iacheni mswakini. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye VCD, upande wa hatari ni ule wa juu wenye picha. Data imekaa chini tu ya ile rangi, kwa hiyo ikibanduka hapo, filamu imeondoka nayo. DVD ni afadhali, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili.

Sasa flashi. Kwa kuangalia kila siku sina ugomvi nayo. Haikwaruziki, na huko visiwani Bumbire au Ikuza, mtu mwenye sola na televisheni ndogo hahitaji deki ya kumla umeme. Ugomvi wangu ni wa mzazi. Flashi iliyojazwa dukani huja na vya wenyewe. Umeomba Kanumba, umepewa Kanumba pamoja na mafaili arobaini usiyoyajua, na mtoto ndiye atakayekuwa wa kwanza kuyafungua ukiwa shambani. CD yenye kasha unaijua jina na waigizaji kabla hujaiwasha. Hata Kanumba mwenyewe si wote wa watoto wadogo. Devil Kingdom ya mwaka 2011 mzazi aitazame kwanza peke yake.

YouTube nayo zipo, na ukiwa na king'amuzi cha Azam, chaneli ya Sinema Zetu huonyesha filamu za nyumbani. Ila aliyeipandisha filamu YouTube anaweza kuiondoa kesho, na filamu moja ya saa mbili inaweza kukumalizia bando la karibu gigabaiti nzima. Hiyo ni kuangalia, si kuweka. Blu-ray msihangaike nayo kwa filamu hizi.

Wenye kaseti za VHS ndio wafanye haraka kuliko wote. Filamu zetu za mwanzo, kama Girlfriend ya mwaka 2003, ziliuzwa kwenye kaseti, na mvua za Bukoba mnazijua: unyevu ukiingia kwenye mkanda, ukungu unaota. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kila deki inayofanya kazi leo ni ya kubembeleza.

Kwa hiyo mama wa Kamachumu, mpango wangu ni huu. CD za baba zibaki kama nakala mama, zikisimama wima kwenye makasha, mbali na jua na jiko. Tafuta fundi wa kuzihamisha hizo hizo, si kukupa zake, ziingie kwenye flashi mbili. Moja ya nyumbani, nyingine kaa nayo wewe au mpe bibi yao. Mwambie fundi kila faili lisizidi gigabaiti 4, maana flashi nyingi hazipokei zaidi ya hapo, na ajaribu moja kwenye deki au televisheni yako kabla ya kuendelea. Deki za zamani nyingi hukataa MP4 na kukubali AVI. Flashi ya akiba ichomeke angalau mara moja kwa mwaka, kwani ikilala miaka mingi inaweza kusahau.

Malipo mpatane kwa kila CD iliyosomeka, si kwa boksi zima. Na uwepo pale anapozihamisha, au mtume yule mkubwa akakae naye.