Kikoi si Sketi, na Suruali si Uanaume



Imezuka tabia ya baadhi ya vijana wetu kuona haya kutoka nje na kikoi. Mzee akikaa barazani amejifunga kikoi chake, au msuli kama wasemavyo Unguja, utamsikia mjukuu akimtania, "Babu, leo umevaa sketi?" Nyumba nzima hucheka. Sisi tunauliza: kinachochekwa hapo ni nini? Ni uchi? Mzee kajisitiri kuliko huyo anayemcheka. Ni kujifananisha na wanawake? Hivyo ndivyo walivyovaa baba yake na babu yake, na hakuna aliyewahi kuwadhania wanawake.

Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo akiona vazi la namna hiyo limetoka Ulaya, kicheko hukatika. Mshoni wa Paris, Jean Paul Gaultier, aliwavika wanaume sketi katika mitindo yake ya mwaka 1985, akasifiwa kwa ubunifu. Mwaka 2003 jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho mazima ya wanaume waliovaa sketi. Mwaka 2022 mcheza filamu Brad Pitt alitokea Berlin na sketi ya kitani, na picha zake zikazunguka dunia. Hapo haitwi mshamba, huitwa mtu wa fesheni. Basi kumbe tatizo halikuwa nguo. Tatizo ni nani kaivaa! Akivaa babu ni aibu, akivaa Mzungu ni maendeleo. Hii si haya, ndugu zangu. Hii ni kasumba.

Tazameni Waskoti na kilti yao. Kilti ni vazi la sufu la miraba, lenye marinda nyuma, hufungwa kiunoni likaishia magotini. Wenyewe hulivaa arusini na katika sikukuu, na wako wanaolivaa siku zote. Watu wa milimani kwao walipomwasi mfalme, wakashindwa katika vita vya Culloden mwaka 1746, bunge la London lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na watoto wa kiume kuvaa kilti. Aliyepatikana na kosa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Akirudia, alihamishwa ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa ni askari wa mfalme peke yao. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 mfalme George IV mwenyewe alipozuru Edinburgh akaivaa! Jana ni jinai, leo ni pambo la mfalme.

Kwa nini bunge zima lishughulike na nguo? Kwa sababu mtawala anajua kwamba anayetaka kuvunja watu huanza na kuwavua wanachojitambulisha nacho. Hata hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania iliwashurutisha Wamasai waache shuka wavae suruali, eti ndiyo alama ya ustaarabu. Wamasai hawakukubali, na shuka zao zipo mpaka leo. Mskoti alitishwa kwa jela, na Mmasai kwa amri ya serikali. Wewe, kijana wa pwani, kimekuvua kikoi nini? Kicheko tu! Wahenga walisema: mkataa kwao ni mtumwa.

Lakini tusije tukageuza mila kuwa dini. Muislamu ana mizani yake. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Al-A'raf, aya ya 26, kwamba ametuteremshia nguo za kusitiri tupu zetu na za pambo, na kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora. Hakutaja suruali wala kikoi. Tena anayehirimia Hija, katika ibada tukufu kama ile, hujifunga shuka isiyoshonwa, na suruali ndiyo aliyokatazwa! Ingekuwa shuka ni vazi la kike, je, wangelivaa mahujaji wanaume mbele ya Al-Kaaba?

Mizani yenyewe ni hii. Kwanza, nguo isitiri kati ya kitovu na magoti, isibane wala isionyeshe mwili. Pili, isiwe ya hariri, wala ya majivuno. Tatu, mwanamume asijifananishe na wanawake, kwani Mtume (S.A.W.) amewalaani wafanyao hivyo, na wanawake wanaojifananisha na wanaume pia. Na wanavyuoni, kama Ibn Hajar katika sherehe yake ya Bukhari, wameeleza kwamba umbo la nguo hufuata ada ya kila nchi.

Sasa tupime. Mskoti Muislamu akivaa kilti kwao hajajifananisha na mwanamke, kwani huko ni vazi la wanaume. Lakini airefushe, maana ile ya kawaida akikaa mapaja huonekana. Kijana wa Mombasa au Tanga akienda dukani akanunua sketi ya kike, akaivaa apate kutazamwa, huyo amekwisha ingia katika makatazo, hata kama Paris nzima itampigia makofi. Na mzee mwenye kikoi mpaka chini ya magoti hana lawama yoyote.

Je, yule anayemcheka? Mara nyingi yumo ndani ya bukta iliyoacha mapaja wazi, au suruali iliyombana hata akirukuu fulana humpanda na mgongo ukabaki wazi. Haambiwi kitu, kwa sababu nguo yake ina miguu miwili! Tumeacha kupima stara, tunapima mishono.

Enyi wazazi, jambo hili liko mikononi mwenu. Baba, jifunge kikoi mbele ya wanao bila ya kuona haya, na umfundishe mwanao kukifunga kabla hajafundishwa kukicheka. Mama, unapomnunulia kijana nguo, uliza kwanza itamsitiri wapi, kisha ndiyo uulize imetoka wapi. Na wewe kijana, siku utakayotamani vazi jipya, jiulize: lingetoka kwa babu yako, ungelivaa?

Mwenyezi Mungu atuvishe vazi la ucha Mungu, sisi na watoto wetu. Amin.