TANGAZO SI DAKTARI

Wiki hii hatusemi habari za kura wala za ushuru. Twasema habari za kichupa kitupu.

Kichupa hicho tulionyeshwa Kilosa, nyumbani kwa mzee wetu mmoja aliyekata mkonge upande wa Kimamba siku za ukoloni. Amekitunza katika kisanduku cha bati pamoja na kadi yake ya chama na vipande vyake vya kazi. Tulipomwuliza kilikuwa cha nini, alicheka, akanyamaza, kisha akatueleza.

Alikuwa kijana. Alipatwa na ugonjwa ambao aliona haya kumwambia dresa wa zahanati, maana dresa yule alikuwa jamaa wa mkewe. Akaona tangazo katika gazeti: dawa ya kusafisha damu na kurudisha nguvu za mwanamume. Tuma fedha, andika jina lako na sanduku lako la posta, nawe utaletewa kifurushi kisicho na maandishi ya kukuaibisha. Akaenda posta na karibu nusu ya fedha ya kipande, yaani nusu ya jasho la siku 30. Dawa ikaja kwa gari moshi. Akainywa mpaka tone la mwisho, na ugonjwa ukabaki pale pale. Aliponywa baadaye sana kwa sindano za hospitali. Mzee anasema shilingi zile amekwisha zisahau. Kisichomtoka moyoni ni miaka aliyoipoteza akingoja kichupa kifanye kazi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye tangazo aliijua haya ya mtu huyu, akaitia katika mizani, akaiuza.

Wako watakaosema, mzee alikuwa mjinga. Sisi twakataa. Nchi hii ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, madaktari Watanganyika walikuwa 12 tu. Kwa mtu wa Mikumi au wa vijiji vya milimani, daktari alikuwa mbali kuliko posta. Tena, kuanzia miaka ya 1920, watu waliona kwa macho yao jinsi sindano zilivyoviondoa vidonda vya buba. Kwa hiyo imani yao katika dawa ya kizungu haikutoka hewani. Ilitokana na jambo la kweli. Nao waliofundishwa kwamba amri, kodi na hukumu zote hukaa katika karatasi, wangewezaje kudhani kwamba karatasi ya gazeti yasema uongo?

Mjinga hakuwa mzee. Mwongo ndiye aliyekuwa mwongo.

Tena mkoloni hakuwa na udhuru, maana kwao jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari wa Uingereza kilitoa kitabu cha kufichua dawa za siri zilizokuwa zikitangazwa magazetini. Vidonge vya Beecham, vilivyosifiwa kuwa kisanduku kimoja chastahili gini nzima, vilipimwa vikaonekana kuwa ni subili, tangawizi na sabuni. Vitu vilivyomo katika kisanduku viligharimu nusu ya farthing. Mnunuzi alitozwa shilingi moja na peni moja na nusu. Pigeni hesabu: hiyo ni mara 108. Mwaka 1917 Bunge la London likakataza kuwatangazia watu dawa za magonjwa ya zinaa. Mwaka 1941 likaamuru kwamba dawa itaje kilichomo ndani yake, likakataza matangazo ya kutibu kifua kikuu, kisukari, kifafa na magonjwa mengine makubwa. Basi hawakuweza kusema kwamba hawakujua.

Wala wasituambie kwamba serikali ya kikoloni haikuwa na mtu wa kusoma magazeti ya Waafrika. Iliyasoma sana! Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika walifungwa kwa neno la uchochezi. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Neno lililomwudhi Bwana Shauri lilipimwa herufi kwa herufi. Neno lililomwibia mkata mkonge halikutafutiwa mizani ya namna hiyo.

Lakini nasi tuseme ukweli hata ukituchoma. Magazeti ya Waafrika nayo yalihitaji karatasi, wino na mpiga chapa, na fedha ya matangazo ilikuwa tamu kwa kila mhariri. Gazeti laweza kupinga unyonyaji katika ukurasa wa kwanza, na katika ukurasa wa mwisho likampangisha mnyonyaji chumba. Hiyo ndiyo hatari tunayotaka kila mwandishi wa chama aiogope mpaka leo.

Hatusemi kila dawa iliyotangazwa ilikuwa bure. Aspro ilikuwa ni aspirini, nayo hutuliza maumivu na homa kweli kweli. Lakini haimwui mdudu wa malaria, na mwenye malaria akituliza homa tu anajidanganya. Wala posta si adui. Kule Bengal, tangu mwaka 1892, kwinini iliuzwa katika posta kwa vipakiti vya paisa moja, dawa ya kweli kwa bei ya maskini. Njia ni ile ile. Kilichotofautiana ni nia ya mtumaji. Wala hatuwatukani waganga wetu wa asili, ambao sheria ya mwaka 2002 inawatambua. Twasema juu ya mtu yeyote, mweusi au mweupe, auzaye tumaini katika chupa asiyotaka kutaja kilichomo.

Basi na twende Mikumi ya leo. Basi la barabara kuu ya Zambia likisimama, kijana huingia na mkoba, akahubiri dawa moja itibuyo mgongo, macho, tumbo, kisukari na nguvu za kiume. Redio yasema vivyo hivyo, na simu ya mkononi zaidi. Badala ya sanduku la posta, iko namba ya simu. Badala ya hawala ya posta, fedha hutumwa kwa simu. Badala ya gari moshi, kifurushi huja kwa basi. Na neno ni lile lile: hakuna atakayejua. Mkoloni amekwenda zake, tangazo lake limebaki likisema Kiswahili fasaha.

Hasara yake ni kubwa kuliko fedha. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu anayekohoa, akinunua kwanza chupa tatu za dawa ya kifua sugu, amelipia kile asichostahili kulipia, na katika miezi hiyo amewaambukiza watoto wake. Mfa maji haachi kutapatapa, twajua. Lakini anayemuuzia mfa maji jani tumwiteje?

Twataka mambo matatu. Kwanza, wahariri wote, na wetu wawe wa mbele, wasipokee tangazo la dawa isiyosajiliwa wala isiyotaja kilichomo, hata mfuko ukiwa mtupu. Pili, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isiishie maduka ya mjini. Ifike stendi, minadani na katika redio. Tatu, matawi yetu ya Kilosa na Mikumi yawaite waganga wa zahanati katika mikutano, waeleze wazi ni dawa zipi hutolewa bure, na kwamba siri ya mgonjwa hulindwa. Hili la siri ndilo kubwa. Maana siku ile kijana wa mkonge angalijua kwamba dresa atafunga mdomo, asingalikwenda posta.

Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Tangazo la uongo huwatumikia wote watatu kwa siku moja. Na sisi tusimpe adui huyo nafasi katika gazeti letu, hata inchi moja.