Sola ya Rubondo: bei haiko kwenye paneli

Mwezi Mei 2023 marais wa Uganda na Tanzania walizindua mradi wa umeme wa Kikagati-Murongo kwenye mto Kagera: megawati 14, nusu kwa nusu kwa kila nchi. Upande wa Uganda mradi huo uko wilaya ya Isingiro. Wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na katika eneo la Rubondo nyumba nyingi bado zinategemea jua kuchaji simu na kuwasha balbu.

Hili si jambo la kushangaza sana. Mkimbizi wa Nakivale amepewa kiwanja cha kutumia, si cha kumiliki, na mtu hapendi kutia fedha katika nguzo na nyaya ambazo hawezi kuondoka nazo. Paneli hufunguliwa, ikafungwa kwa kamba, ikarudi na mwenyewe Kivu au Ruyigi siku akiamua kurudi. Kwa hiyo sola ndiyo umeme wa huko, na wafanyabiashara mnaochukua mzigo Mbarara au kuupitisha Mutukula mnalijua soko hilo kuliko mtaalamu yeyote wa nishati.

Swali letu leo ni kwa nini sola hiyo inamgharimu maskini kuliko inavyostahili.

Tuanze na mahitaji yenyewe. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa nne usiku zinakula wati-saa 80. Ongeza simu mbili na redio, hufiki hata 150. Paneli ya wati 50, jua likiwa zuri, inaleta kama 200 kwa siku. Paneli ndogo tu, basi, inatosha, na bei ya paneli duniani imekuwa ikishuka kwa miaka mingi. Anayemaliza fedha za mteja ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 26 inabeba wati-saa 312, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Ile ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 na bado ikaishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya kwanza inamtisha mnunuzi.

Hapo ndipo betri ya gari inapoingia. Ni rahisi na inapatikana kila gereji. Lakini imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, haikuundwa kukamuliwa usiku kucha. Baada ya miezi kadhaa inakufa, mteja ananunua nyingine, na akijumlisha anakuta ameshalipa bei ya lithiamu. Wapo wanaobandika lebo ya sola juu ya betri ya gari. Wanaofanya hivyo wanajijua, na wengine ni wasomaji wetu.

Asiye na mtambo naye analipa. Tuchukulie simu moja inachajiwa kibandani kwa shilingi 500 za Uganda kila baada ya siku mbili. Ni 7,500 kwa mwezi, 90,000 kwa mwaka. Nyumba yenye simu mbili imetumia 180,000 kabla ya kununua mshumaa au betri za tochi. Ndiyo maana mpango wa kulipa mdogo mdogo, uliotapakaa Kenya tangu 2012 na kuvuka hadi Uganda, ulipokelewa vizuri. Lakini piga hesabu hadi mwisho. Mtambo unaouzwa 400,000 taslimu ukitolewa kwa malipo ya awali ya 80,000, kisha 1,000 kila siku kwa miezi 18, unafika kama 627,000. Huo ni mfano wetu, si bei ya kampuni fulani. Kila mkopo una hesabu yake. Tunachosema ni kwamba muuzaji aitaje jumla hiyo kabla mteja hajaweka kidole gumba. Wengi hutajiwa ile elfu moja tu. Na siku mgawo wa chakula ukipunguzwa, kama ilivyowakuta wakimbizi wengi wa Uganda mwaka 2025, elfu hiyo haipatikani, mtambo unajifunga, na nyumba inarudi gizani ikiwa imeshalipa zaidi ya nusu.

Sasa mpakani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru vifaa maalumu vya nishati ya jua, zikiwamo betri za kuhifadhi umeme huo. Betri ya gari haimo. Kwa macho, mbili hizo zinafanana. Mchuuzi mwenye betri sita na risiti iliyoandikwa kwa kalamu, isiyosema ni za aina gani, hana cha kumwonyesha ofisa, na ofisa akizitoza kama za gari ni vigumu kumlaumu. Ushuru huo unaingia katika bei ya Rubondo.

Wengine huja na Cheti Rahisi cha Uasili wakidhani kitawaokoa. Hakiwasaidii. Cheti hicho, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya; paneli ya China haibadiliki kuwa ya Uganda kwa kulala dukani Mbarara. Msamaha wa sola unatokana na aina ya kifaa, hautokani na kilikotengenezwa. Dai msamaha huo, na udai ankara inayotaja aina ya betri, volti na ampea-saa.

Kuna pia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kila nchi huamua yenyewe. Kenya iliuondoa msamaha wa sola katikati ya 2020, ikaurudisha katikati ya 2021. Aliyekuwa na mkopo wa bidhaa mwaka huo anakumbuka. Congo imejiunga na Jumuiya mwaka 2022 na Somalia 2024, nchi ambazo watu wake wamejaa Nakivale, lakini kujiunga si sawa na kutumia jedwali moja la ushuru.

Tunaliomba Baraza la Mawaziri la Jumuiya mambo mawili kabla ya bajeti za Juni. Kwanza, orodha ya vifaa vya sola vya nyumbani vilivyosamehewa ibandikwe kwa Kiswahili chepesi Mutukula, Katuna, Murongo na Bunagana, yenye picha ya betri inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa. Pili, paneli, betri, kidhibiti chaji, waya na balbu vikifungwa pamoja kama mtambo wa nyumba moja vitazamwe kama kitu kimoja, ofisa asivichambue kipande kwa kipande.

Kwenu wafanyabiashara ombi ni la dhamana. Betri iliyouzwa Mbarara kwa dhamana ya mwaka ikifia Murongo leo haina pa kurudi, kwa kuwa muuzaji wa upande wa pili hamjui wa kwanza. Vyama vyenu vya mipakani vinaweza kukubaliana kupokeana betri zilizokufa bila kusubiri waziri yeyote. Muuzaji wa kwanza atakayeandika kwenye risiti kwamba dhamana yake inavuka Kagera, Rubondo itamfuata.