Skuta ya kiki haipandi mlima: mdau wa Njombe, nunua pikipiki ya kwenu

Leo habari za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo, tuongee kitu kinachogusa mfuko na mifupa yenu.

Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni, katupia picha akiwa juu ya skuta ya pinki. Miwani myeusi, viatu vyeupe, nywele zinapepea, nyuma bahari. Hakuandika hata neno, kaweka kopa tu. Basi! Tangu siku hiyo inbox yangu imejaa wadada wa Njombe Mjini na wengine wa Makambako: "Admin, zile skuta zinapatikana wapi, nataka ya kwendea kazini." Na siyo wadada peke yao. Kuna MC mmoja maarufu wa harusi hapa mjini, tunayemjua wote kwa suti zake za kubana, huyo hakuuliza. Alienda akanunua.

Sasa mimi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: ile skuta ndogo ya Insta usiilete Njombe. Siyo kwamba ni mbaya. Ni mbaya kwa hapa.

Skuta ina historia yake ya heshima. Vespa ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946, nchi ikiwa bado inajikusanya baada ya vita, watu wanahitaji kitu cha bei nafuu cha kuwafikisha kazini bila kuchafua nguo. Ndiyo maana ina ile ngao ya mbele inayokinga miguu na sehemu ya katikati iko wazi, mtu wa sketi au kanzu anakaa bila kurusha mguu. Nenda Unguja uone wazee na Vespa zao, wanapita mitaani taratibu, kanzu safi. Inawezekana kwa sababu kule ni tambarare, joto, na safari ni fupi.

Njombe Mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi hawalifikirii hili wakati wa kununua pikipiki. Injini ya petroli inavuta hewa kama wewe unavyovuta. Huku juu hewa ni nyepesi, na kwa kawaida injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Kwa hiyo kile kipikipiki cha cc 50 kilichokuwa kinakwenda vizuri Masaki, kikifika huku kimeshaacha moja ya tano ya nguvu zake njiani, na hapo hakikuwa nazo nyingi za kuanzia. Halafu umpakie na shoga yako nyuma. Halafu kuna mlima.

MC wetu alionekana jioni moja anatoka maeneo ya mto Ruhuji kupanda kuingia mjini. Skuta inalia kama mbuzi, spidi ya mtu anayetembea haraka. Bodaboda wawili wakampita, wa tatu akapunguza mwendo kumuuliza kwa heshima zote, "Kaka, tukuvute?" Suti ya kubana na yote. Nasikia siku hizi skuta iko sebuleni, kaiwekea kava.

Lakini mlima siyo shida pekee. Skuta nyingi hazina gia za kubadilisha, zinatumia mkanda unaojirekebisha wenyewe. Raha sana kwenye foleni. Ukiupandisha kila siku milima mirefu na mzigo, mkanda unachemka na unaisha mapema. Na ukishuka, haikushikii vizuri kama pikipiki ya gia, maana ya gia unaingiza namba mbili, injini yenyewe inakuzuia, breki unaigusa kidogo tu. Kwenye skuta kazi yote inaifanya breki. (Na wale mnaoweka fri kwenye mteremko ili kubana mafuta, muache. Mafuta unayookoa hayanunui hata chapati.)

Halafu tairi. Hapa ndipo ningependa kila mtu anielewe hata kama mengine ataruka. Skuta ndogo nyingi zina rimu za inchi 10 au 12. Pikipiki za kawaida zinazopiga kazi huku, hizi Boxer na TVS, ni inchi 17 au 18. Tairi dogo likikuta shimo linaingia lote, tairi kubwa linapita juu yake. Lami ya Njombe ipo, ndiyo, barabara kuu ni nzuri. Lakini wewe unaishi kwenye lami? Wengi wetu tunatoka mtaani, tope jekundu kuanzia Desemba hadi Aprili huko, utelezi kama sabuni, ndipo unafika lami. Zile mita mia nne za kutoka getini hadi barabarani ndizo zinazopaswa kukuchagulia pikipiki, siyo picha.

Makambako mtaniambia nyie ni tofauti. Kweli, mko chini kidogo yetu na mji umetandazika zaidi, skuta ya cc 125 inaweza kukufaa ukiwa mtu wa mjini tu. Ila nyie mna vitu viwili. Kwanza upepo, ule upepo wenu hadi kuna watu walikuja na mipango ya kuufulia umeme, siyo upepo wa kuchezea ukiwa juu ya kitu chepesi. Pili, mko njia panda. Barabara ya Dar kwenda Zambia inapita hapo, ya Songea inaanzia hapo, malori usiku na mchana. Lori likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta. Pikipiki yenye uzito kidogo na taa inayoonekana mbali siyo anasa hapo, ni maisha. Na yule anayetaka kuwa anaenda Makambako na kurudi Njombe kila siku kwa kipikipiki, kilomita 60 hivi kwenda tu, asubuhi ya ukungu, namwomba apande basi.

Tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wadada wengi wanaoniandikia hawaitaki skuta kwa sababu ya skuta. Wanaitaka kwa sababu wanaambiwa Boxer ni "pikipiki ya kiume". Kuna nesi mmoja, sitamtaja wala kituo chake, anafanya kazi za zamu. Zamu ya usiku ikiisha asubuhi, au ikianza jioni, yuko barabarani kutafuta boda. Mwezi wa sita na wa saba, baridi hadi majani yanaganda sakitu, giza, yuko peke yake anajadiliana bei na mtu asiyemjua. Akaamua kununua pikipiki. Nyumbani wakamwambia anunue skuta au aache, ile nyingine atafananishwa na wahuni. Ofisini wakamcheka. Sasa niulize: hatari iko wapi? Kukaa juu ya pikipiki yako mwenyewe ya cc 100 ukijua inawaka na inafika, au kusimama gizani ukisubiri usichokijua? Wanaocheka mdada akipita na Boxer ndio hao hao kesho wanaombeba nyuma, watatu, mshikaki, bila helmeti, na hapo hakuna anayeona aibu.

Akanunua ya gia, cc 125. Anavaa suruali ndani, gauni la kazi kwenye begi. Waliocheka sasa wanaomba lifti.

Kwa ambaye klachi inamtisha kabisa kuna njia ya katikati ambayo huku haijazagaa, lakini ukiipata usiiache: zile pikipiki za mtindo wa Honda Super Cub. Katikati ziko wazi kama skuta, tairi kubwa kama pikipiki, gia unabadilisha kwa mguu bila klachi ya mkono. Imeanza 1958 na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, hakuna chombo chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko hicho. Kwangu mimi ndicho kilichopaswa kujaa Njombe. Tatizo ni spea, uliza fundi wako kabla hujalipa hata shilingi.

Na hili la fundi ni kwa kila pikipiki. Boxer, TVS, hizi za Kichina zilizozoeleka, spea ziko kila kona na fundi anazijua akiwa amefumba macho. Skuta ya kipekee ikikosa kifaa, unaagiza Dar, unasubiri basi, kinakuja siyo chenyewe, kinarudi. Wakati huo unapanda boda na skuta unayo.

Kitu kingine cha baridi: hakikisha ina kiki. Naona mmecheka, siyo kiki ya mitandaoni, ile ya kupiga kwa mguu. Asubuhi ya Julai betri inakuwa imelala, ukibonyeza selfu inakwambia "tik" halafu kimya. Yenye kiki unavuta choki, unapiga mbili tatu, unaenda kazini. Zisizo na kiki zipo nyingi siku hizi, na muuzaji hawezi kukukumbusha.

Helmeti. Najua. Wigi. Staa wetu kwenye picha hakuvaa, na ndiyo maana nywele zilipepea vizuri. Ila ile ilikuwa picha, pengine hata injini ilikuwa haijawashwa. Wewe unaenda kazini. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae, na huku kwetu hata bila sheria ungevaa, maana upepo wa saa kumi na mbili asubuhi unakata masikio. Vaa kilemba chepesi ndani, wigi liweke kwenye begi, ulivae ukifika. Nunua na glovu. Vidole vikiganda havishiki breki, na hilo hakuna anayekwambia dukani.

Leseni nayo siyo mpaka uwe bodaboda. Kuna daraja A kwa pikipiki kubwa, A1 kwa ndogo, na hata vile vya chini ya cc 50 vina daraja lake. Bima ndogo lazima. Msidanganyane kwamba "hii ni skuta tu."

Pesa je? Hapa nitawavunja moyo kidogo wanaosema wananunua ili kubana matumizi. Tuseme unalipa boda buku kwenda na buku kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 52,000, kwa mwaka 624,000. Pikipiki mpya inazidi milioni mbili. Ongeza mafuta, oili, tairi, bima. Kama safari yako ni hiyo moja tu, utachukua miaka mingi kurudisha hela, na ukichukua kwa mkopo wa riba ndiyo kabisa. Pikipiki inalipa kwa mwenye safari tatu nne kwa siku, au mwenye biashara ya keki, nguo, parachichi, au kama nesi wetu, mwenye saa ambazo boda hapatikani. Kama wewe ni nyumbani-ofisini-nyumbani, boda mmoja unayemwamini, unayemlipa kwa mwezi, anakutosha. Hii sentensi itanikosesha marafiki wauza pikipiki, sawa tu.

Wengine mmeuliza za umeme. Kusema ukweli nazipenda kuliko mnavyodhani. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko wetu hauipunguzii kitu, inapanda mlima Njombe kama inavyopanda Dar, na ikishuka baadhi zinarudisha chaji kidogo. Kinachoisumbua ni baridi, betri ikiwa ya baridi sana inatoa umbali mfupi kuliko ulioandikwa kwenye tangazo. Ukilala nayo ndani na safari yako ni fupi, inawezekana. Ila mpaka nione fundi wa Njombe aliyeifungua moja na kuirudisha ikawaka, ya kwangu sinunui.

Na kuna kundi la vijana wanataka pikipiki ya kazini ambayo Jumamosi wataendea Kitulo kupiga picha na maua. Nawaelewa, mvua zikikolea Bustani ya Mungu inatisha kwa uzuri. Lakini kule ni zaidi ya mita 2,600, injini yako itakuwa imeacha robo ya nguvu, na mkiamua kushukia upande wa Matamba kwenda Chimala mtakutana na zile kona hamsini na saba. Hapo cc 125 ya gia, mtu mmoja mmoja, breki zimeangaliwa na fundi jana yake. Mkienda na skuta, tutawapost.

La mwisho kwa wanaonunua ya mkononi, maana ndio wengi. Usilipe bila kuona kadi yenye jina la anayeuza, na namba za injini na chesisi ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye kadi, uzisome mwenyewe kwa tochi, siyo usomewe. Pikipiki nyingi ziko kwenye mkataba, kijana anapeleka hesabu kwa bosi na chombo bado siyo chake, akibanwa anauza. Utaletewa kwa bei tamu usiku wa Ijumaa. Jumatatu mwenyewe anakuja na polisi, na wewe ndiye uliyekaa juu yake.