Wosia usiosajiliwa nao una nguvu
Mzozo wa shamba la urithi unapozuka Migori au Homa Bay, mara nyingi husikika dai kwamba wosia haukusajiliwa. Dai hilo halina mashiko. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haihitaji usajili, bali saini ya mwenye mali na mashahidi wasiopungua wawili.

Hata hivyo, wosia pekee hauhamishi hatimiliki, wala kauli ya wazee wa ukoo. Sharti mahakama iuthibitishe. Wenye pingamizi hupewa siku 30 baada ya tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Anayejiuzia ardhi ya marehemu bila idhini hiyo anaweza kufungwa mwaka mmoja.

Mjane au mtoto aliyesahauliwa katika wosia naye hana budi kuharakisha: aombe fungu lake kabla ya mahakama kuidhinisha ugawaji. Baadaye, mlango huo hufungwa.