Wameoana, Lakini Waligombana Lini?
Na Babu Kibogoyo

Jumamosi nilitoa shilingi 500 kwenye kibanda umiza kimoja hapa Majengo, nikaangalie Coming to America, ile ya Eddie Murphy ya mwaka 1988. Muuza karanga mlangoni akaniuliza kama nataka za kutafuna au za kusaga. Mnajua kwa nini.

Tulianza vizuri. Akeem, mtoto wa mfalme wa Zamunda, kaletewa mchumba aliyefundwa tangu utotoni kumtii. Anamwamuru aruke kwa mguu mmoja huku akibweka, na binti wa watu anabweka kweli! Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Akeem akaenda New York kujifanya kapuku, akapiga deki kwenye mgahawa wa babaye Lisa, binti aliyempenda. Hadithi ya kale hiyo. Bibi yangu alikuwa na masultani chungu nzima waliovaa matambara.

Ghafla mwenye kibanda akatazama saa, akabonyeza rimoti, tukajikuta harusini. Mpira unaanza saa moja, kasema, na hapo kati "wanalialia tu".

Wanalialia tu! Vichekesho vya mapenzi vina njia yake: wapendane, uongo ufichuke, waachane, mwanamume amkimbilie mbele za watu, wapatane. Mwenye kibanda karuka sehemu ya treni. Akeem anamfuata Lisa ndani ya treni, abiria wanasikiliza, anasema yuko tayari kuuacha ufalme. Kwenye filamu nyingine hapo binti huangukia kifuani. Lisa anakataa, anashuka zake. Sisi wa Mpanda, ambao reli inaishia kwetu, tunajua mtu akishuka kwenye treni kashuka.

Ndiyo maana shela linapofunuliwa na ndani yuko Lisa, mtazamaji hushtuka. Jumamosi hakushtuka mtu. Kijana wa mbele yangu aliuliza, "Kwani si alikuwa naye muda wote?"

Nilidai nirudishiwe nusu ya kiingilio. "Babu, si wameoana?" mwenye kibanda akanijibu, huku anahamisha waya. Hawa ndio wanaofika msibani sufuria zikishaepuliwa.

Jumapili kuna mpira tena. Nitawahi, nitakaa jirani na rimoti, na mapumziko yakiisha nitawarusha wote hadi kwenye matokeo. Hapo kati wanakimbiakimbia tu.